Ulinganifu wa Gramafoni na Uongo wa Bei

Hapana chombo cha sauti kifanyacho kazi peke yake. Santuri huzungushwa na mota, husomwa na sindano. Sindano hushikwa na kichwa, kichwa hubebwa na mkono. Umeme mdogo utokao hapo hupelekwa kwenye kikuza sauti, kisha kwenye spika, na mwisho sauti humwagika katika chumba ambamo msikilizaji ameketi. Hao ni wapagazi saba wa mzigo mmoja. Mmoja akienda mbio na mwenzake akachechemea, mzigo huanguka, wala haifai kitu kuuliza ni yupi kati yao aliyelipwa ujira mkubwa. Ukweli huu ni mwepesi hata mtoto aweza kuufahamu. Lakini sehemu kubwa ya biashara ya gramafoni imejengwa juu ya kuusahau.

Uongo unaopingwa hapa ni huu: kwamba sauti bora hununuliwa kwa kufuata bei, kifaa kimoja kimoja, na kwamba mwenye kichwa cha thamani kubwa amekwisha kuupata muziki kabla hajauliza kichwa hicho kitafungwa kwenye mkono gani. Uongo huo una madhehebu mawili. Madhehebu ya kwanza husema kuwa spika ndiyo yote, kwa sababu ndiyo isikikayo. Madhehebu ya pili yalipata nguvu katika miaka ya 1970, hasa kwa mahubiri ya kampuni ya Linn ya Scotland, iliyoanzishwa mwaka 1973: kwamba chanzo ndicho kitangulie, fedha nyingi ziwekwe kwenye gramafoni yenyewe, maana kilichopotea mwanzoni hakirudishwi mwishoni. Ni haki kukiri kwamba madhehebu ya pili yana hoja nzito kuliko ya kwanza. Sindano isiposoma neno, spika haiwezi kulitamka. Walakini yote mawili yana ila moja. Yanavipanga vyombo kwa vyeo, kama watu katika baraza la mfalme, badala ya kuuliza kama vinapatana. Mkulima wa Songwe alimaye kwa maksai hafungi nira moja juu ya dume kubwa na ndama, kisha akajisifu kwa bei aliyonunulia dume. Anajua kwamba mtaro utapinda.

Hoja hii na ipimwe mahali pagumu. Katika mji mkubwa mtu aweza kuuficha ujinga wake kwa fedha: kifaa kikimshinda hukiuza, akanunua kingine. Ikinga si mahali pa namna hiyo. Ni kata ya wilaya ya Ileje, nchi ya milima karibu na mipaka ya Malawi na Zambia, katika mkoa wa Songwe uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016. Atakaye kifaa huko hutegemea bidhaa zipitazo Tunduma, mlango wa kwenda Zambia, au zitokazo Mbeya na Dar es Salaam; na mara nyingi hupata kilichopo, si kile alichokitaka. Basi kanuni ya sauti njema itakayomfaa mtu wa Ikinga itamfaa kila mtu. Na kanuni isiyomfaa yeye si kanuni, ni tangazo la biashara.

Wala asidhani mtu kwamba gramafoni ni mgeni katika pande hizo. Kwa miongo mingi kabla ya uhuru, wanaume wa nyanda za juu za kusini walivuka mpaka kwenda kufanya kazi katika migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, ambayo tangu mwaka 1964 ni Zambia, na katika migodi ya dhahabu ya Afrika Kusini. Gramafoni ilikuwa miongoni mwa vitu vilivyotamaniwa na watu wa migodini, pamoja na nguo, baiskeli na cherehani. Gramafoni ile ya kutiwa ufunguo kwa mkono ilikuwa na fadhila moja iliyosahauliwa: iliuzwa ikiwa nzima. Springi, mkono, kisanduku cha sauti na pembe vilitengenezwa ili vitumike pamoja. Uzito uliokanyaga santuri ulizidi gramu 100, jambo ambalo leo huonekana kuwa ukatili; lakini sahani ya lakiri ilikuwa imechanganywa na unga mgumu uliosaga ncha ya sindano ya chuma mpaka ikafuata umbo la mfereji, na sindano ilibadilishwa kila upande ulipokwisha. Chombo kilikuwa kigumu na sauti yake ilikuwa ya unyenyekevu, lakini viungo vyake vilipatana.

Mapatano hayo yalivunjika pale santuri zilipobadilika na vyombo vikaanza kuuzwa vipande vipande. Mwaka 1948 kampuni ya Columbia ya Marekani ilitoa santuri ndefu ya vinili izungukayo mara 33 na theluthi moja kwa dakika. Mwaka 1949 RCA Victor ikatoa ile ndogo ya mizunguko 45. Mifereji ikawa myembamba, sindano ikawa nyepesi, na mnunuzi akapewa uhuru wa kuchagua mota huku, mkono kule, kichwa pengine. Uhuru ni jambo jema, lakini una deni lake. Mtengenezaji alipoacha kazi ya kupatanisha, kazi hiyo ilimwangukia mnunuzi. Na wauzaji wengi walimkabidhi mzigo huo pasipo kumweleza kuwa amekabidhiwa.

Mapatano ya kwanza anayodaiwa ni ya mota na umeme. Tanzania hutumia umeme wa volti 230 wenye mizunguko 50 kwa sekunde; Marekani hutumia volti 120 na mizunguko 60. Gramafoni nyingi za zamani zina mota ifuatayo mizunguko ya umeme kama askari afuatavyo ngoma ya gwaride. Mtu akiletewa gramafoni ya namna hiyo kutoka Marekani, naye akanunua transfoma, hudhani amemaliza kazi. La! Transfoma hubadili volti, haibadili mizunguko. Santuri iliyopaswa kuzunguka mara 45 itazunguka mara 37 na nusu, na sauti ya mwimbaji itashuka kwa zaidi ya nusutoni tatu. Na kama nyumba hupata umeme wake kutoka kwenye paneli ya jua, inveta ya bei rahisi itoayo wimbi la ngazi ngazi yaweza kuitia mota mngurumo. Katika nyumba kama hiyo gramafoni ya kawaida yenye mota ya mkondo mnyoofu, isiyojali mizunguko ya umeme, itaishinda ile ya fahari. Hapa bei imekwisha kushindwa kabla sindano haijagusa santuri.

Mapatano ya pili ni ya mkono na kichwa, na hapa ndipo penye makosa mengi. Sindano huning'inia ndani ya kichwa kwa kipande cha mpira. Kipande hicho kikiwa laini sana, chahitaji mkono mwepesi. Kikiwa kigumu, chahitaji mkono mzito. Si suala la ladha, ni hesabu. Uchukuliwe uzito wa mkono kama unavyohisiwa na sindano, uongezwe uzito wa kichwa na skrubu zake, jumla hiyo izidishwe kwa kipimo cha ulaini, yaani mikroni ambazo sindano husogea kwa kila milinyutoni moja ya nguvu. Itafutwe kipeuo cha pili cha jibu, kisha 159 igawanywe kwa hicho. Kinachopatikana ni idadi ya mitikisiko kwa sekunde ambayo mkono na kichwa hupenda kutikisika pamoja. Idadi hiyo yafaa iwe kati ya 8 na 12. Chini ya hapo ni eneo la santuri zilizopinda na vishindo vya miguu. Juu ya 20 ni eneo la muziki wenyewe.

Na itazamwe mifano mitatu. Mkono wa gramu 12, wenye kichwa cha gramu 6 na ulaini wa 12, hutoa mitikisiko kama 10.8: ni ndoa njema. Mkono huohuo ukipewa kichwa cha uzito uleule lakini chenye ulaini wa 30, hesabu hushuka mpaka kama 6.8, kila santuri iliyopinda kidogo itaufanya mkono kuyumba kama mlevi. Mkono mwepesi wa gramu 5, wenye kichwa cha gramu 6 na ulaini wa 6 tu, hupanda mpaka kama 19.6, na sauti za chini za besi huvimba pasipo sababu. Vichwa vyote vitatu vyaweza kuwa vizuri. Denon DL-103, kichwa kilichobuniwa Japani katika miaka ya 1960 kwa ajili ya shirika la utangazaji la NHK, kina sifa duniani kote. Lakini sindano yake ni ngumu, na ukikifunga kwenye mkono mwepesi sifa yote hupotea. Muuzaji anayekisifu kichwa hicho bila kuuliza habari za mkono hatoi ushauri, anatoa risiti.

Pamoja na hayo uko uzito wa kukanyagia. Wengi wameamini kuwa sindano ikikanyaga kwa wepesi zaidi, santuri hudumu zaidi. Imani hiyo ni ya huruma, lakini si ya kweli. Sindano iliyo nyepesi kupita kipimo chake hurukaruka ndani ya mfereji, na kila irukapo hugonga kuta zake. Kama mtengenezaji ameandika gramu 1.5 mpaka 3, basi gramu 1 ni kosa kama gramu 5 zilivyo kosa. Mizani ndogo ya kupimia uzito huo haina fahari yoyote, wala haionekani na wageni sebuleni. Labda ndiyo sababu husahauliwa na watu walionunua kila kitu kingine.

Mapatano ya tatu ni ya sindano na mfereji, nayo ndiyo yenye madhara makubwa kuliko yote. Mfereji wa sahani ya zamani ya mizunguko 78 huhitaji ncha yenye nusukipenyo cha karibu milimita 0.076, santuri ndefu huhitaji ncha yenye nusukipenyo cha karibu milimita 0.018. Ncha nyembamba ikiwekwa kwenye sahani ya zamani huzama mpaka chini ya mfereji, ikasoma vumbi badala ya wimbo. Ncha nene ikiwekwa kwenye santuri ndefu hukaa juu ya mfereji na kuuvunja. Msikilizaji wa kwanza atasema sahani imechakaa. Wa pili ataichakaza kweli.

Wasomi na walitafakari jambo hili. Mwaka 1928 Siti binti Saad na wenzake walisafiri kutoka Unguja hadi Bombay, wakaimba kwa ajili ya santuri za His Master's Voice. Shaaban Robert aliandika wasifu wa bibi huyo, na maneno ya kitabu huweza kuchapwa tena hata mara elfu. Sauti yenyewe haina fadhila hiyo. Imo katika sahani za lakiri ambazo huvunjika zikianguka, huyeyuka zikisafishwa kwa spiriti, na hukwanguliwa kila zinapopigwa kwa sindano isiyostahili. Vivyo hivyo kwa santuri ndogo za miaka ya baadaye: bendi nyingi za Tanzania zilirekodi katika Redio Tanzania, na santuri zao nyingi zilichapwa Nairobi. Mbaraka Mwinshehe, aliyefariki mwaka 1979 kwa ajali ya gari huko Mombasa, hatarudi studio kuimba upya kwa sababu mtu fulani alifunga sindano iliyochakaa. Mfereji uliolika haujazwi tena. Basi kutopatanisha vyombo si aibu ya sebule peke yake. Ni uharibifu wa mali ambayo mwenye kuishika siye mwenyewe wa pekee.

Mapatano ya nne ni ya kichwa na kikuza sauti. Kichwa cha kawaida chenye sumaku iendayo hutoa milivolti 3 mpaka 5, nacho hutaka kikuza cha kwanza kiuzidishe umeme huo kama mara 100. Kichwa chenye koili iendayo, mfano wa ile Denon, hutoa kama milivolti 0.3 tu, nacho hutaka mara 1,000 hivi. Ukikifunga hiki cha pili kwenye kikuza cha kile cha kwanza, utapata mnong'ono uliofunikwa na mvumo. Na mwenye mali atalaumu santuri. Zaidi ya kukuza, iko kazi ya kurudisha mizani. Santuri inapokatwa, sauti nzito hupunguzwa na sauti nyembamba huongezwa, karibu desibeli 20 kwenye kila ncha, ili mfereji usiwe mpana na mchakato usisikike. Kikuza cha kwanza hurudisha kila kitu mahali pake kwa kufuata kanuni ya RIAA iliyokubaliwa Marekani mwaka 1954. Lakini sahani za kabla ya hapo zilikatwa kwa kanuni mbalimbali za makampuni. Sahani ya mwaka 1928 ikipigwa kwa kanuni ya 1954, sauti nyembamba hufifishwa na sauti nzito huvimbishwa. Hapo ndipo hutokea wataalamu wa kusema kuwa waimbaji wa zamani walikuwa na sauti za puani na za mbali, kumbe wanachohukumu ni kikuza sauti chao.

Mapatano ya mwisho ni ya spika na chumba, na katika jambo hili mtu wa Ikinga aweza kuwa tajiri kuliko mtu wa ghorofani. Nyumba yenye sakafu ya udongo ulioshindiliwa, au ya saruji iliyolazwa juu ya ardhi, haitikisiki mtu apitapo, wala hairudishi kishindo cha spika kwenye sindano. Sakafu ya mbao hufanya yote mawili. Mtu wa ghorofani hununua meza ya bei kubwa ili kutafuta utulivu ambao mwenzake hukanyaga kila siku kwa miguu mitupu. Nyumba ya Ikinga nayo ina taabu zake: mvua juu ya bati hushinda spika yoyote, na kuta tupu hurudisha mwangwi. Lakini mvua hukoma, na mwangwi hupunguzwa kwa mikeka na mapazia. Spika mbili za kadiri, zilizosimama mbali na meza ya gramafoni na kuulingana ukubwa wa chumba, zitaimba vizuri kuliko makabati makubwa yaliyobanwa pembeni.

Watakuja wapinzani. Wa kwanza atasema kuwa haya ni maneno ya matajiri, na kwamba maskini hana nafasi ya kuchagua. Mambo ni kinyume chake. Tajiri ndiye awezaye kumudu kutopatanisha, maana akikosea hununua tena. Mwenye fedha kidogo hana ruhusa ya kukosea mara mbili, kwa hiyo hesabu ya mkono na kichwa ni silaha yake kuliko ilivyo ya tajiri. Hata gramafoni ndogo ya sanduku isidharauliwe kwa sababu ya bei yake. Itazamwe uzito wake wa kukanyagia na hali ya sindano yake. Ikiwa inakanyaga kwa gramu nyingi na haina namna ya kurekebishwa, na ipige santuri zipatikanazo kila mahali, wala isipewe ile iliyo adimu.

Wa pili atasema kuwa nyimbo zote zimo ndani ya simu, basi taabu hii ya nini? Huyo na aulizwe: ziliingiaje humo? Wimbo wa zamani ambao ukanda wake wa asili umepotea ulinakiliwa kutoka kwenye santuri, kwa sindano fulani, kwenye mkono fulani, kwa kasi fulani. Kama vyombo hivyo havikupatana, kosa lao limenakiliwa pamoja na wimbo, na sasa linaenea upesi kuliko wimbo wenyewe ulivyowahi kuenea. Mwanafunzi apimaye lahani ya taarabu kutoka kwenye nakala iliyopigwa kwa kasi isiyo yake hapimi taarabu. Anapima mota ya mtu asiyemjua.

Wa tatu ni mpenzi wa santuri mwenyewe, asemaye kuwa vinili ina joto lake la asili, na kwamba mikwaruzo ni sehemu ya utamu. Huyu ni rafiki, na rafiki huambiwa kweli. Sauti anayoiita joto mara nyingine ni besi iliyovimba kwa mkono usiolingana na kichwa, na mikwaruzo anayoipenda ni jeraha. Aliyeimba hakuikusudia, wala aliyepiga fidla hakuitunga. Katika kundi la taarabu hakuna aulizaye kama kanuni ni ghali kuliko udi. Huulizwa kama vimetiwa sauti moja. Haifai muziki uliotengenezwa kwa sheria hiyo usikilizwe kwa vyombo vilivyokusanywa kwa sheria nyingine.

Basi hukumu ni hii. Mwenye gramafoni nyumbani, awe Ikinga au Ilala, kabla ya kununua kifaa kipya na apatanishe alivyo navyo: mota na umeme wake, kichwa na mkono, sindano na mfereji, kikuza na kichwa, spika na chumba. Na chuo au maktaba itakayo kunakili santuri za Kiswahili isianze na mashine ya kuhifadhia nakala, bali ianze na sanduku la sindano za upana mbalimbali, mizani ya uzito, gramafoni yenye kasi inayorekebishika, na kikuza chenye kanuni zaidi ya moja. Kisha iandike pembeni mwa kila nakala vyombo vilivyotumika, kama mwandishi mwaminifu aandikavyo hati alizozisoma. Gharama ya vitu hivyo ni ndogo ikilinganishwa na gharama ya kusikiliza vibaya kwa miaka hamsini ijayo. Santuri bado zipo, majumbani na masokoni, nyingine zikiwa za mwisho za namna yake. Kila zinapopigwa hupungua kidogo. Kilicho ndani ya uwezo wa watu ni kuamua kama kupungua huko kutaacha nyuma sauti iliyosikika sawasawa, au unga mweusi tu kwenye ncha ya sindano.